Hukumu tatu kwa albamu moja ya trap

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, msanii wa Atlanta anayejiita Playboi Carti alitoa albamu ya Whole Lotta Red. Siku hiyohiyo mashabiki wake mwenyewe wakaanza kumcheka mtandaoni: sauti inakwaruza, midundo imepasuka, nyimbo 24 na nyingi ni kelele. Siku chache baadaye baadhi ya wahakiki wakubwa wa Marekani wakaisifu. Kisha ikaingia kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, moja kwa moja namba moja, jambo ambalo Carti hakuwahi kulipata kabla ya hapo.

Ubishi wa namna hii haukuishia Marekani. Ingia saluni yoyote ya kiume pale Mwanga, Kigoma mjini, siku ambayo kinyozi ameweka trap kwenye sabufa. Mmoja atakwambia hiyo albamu ilishika namba moja, kwa hiyo ni kali. Wa pili atasema wahakiki waliipa alama nzuri, kwa hiyo anayeiponda hajui muziki. Wa tatu, mara nyingi mzee anayesubiri kutengenezwa ndevu, atauliza: "Sasa huyu mtoto anasema nini?" Hapo kelele zinaanza, na kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake ni mbishi tu.

Tatizo ni kwamba hawa watatu hawabishanii kitu kimoja. Tazama ndoo ya dagaa ikishushwa Kibirizi. Mkusanya ushuru anahesabu ni ndoo ngapi zimeshuka. Mchuuzi anayepeleka mzigo Dar es Salaam anaangalia kama dagaa wamekauka vizuri na kama wameanikwa kwenye chanja au mchangani, maana ameshaona mizigo mingi na anajua ipi itafika salama. Mama anayepika mchana huu anataka kujua kama ni watamu. Chati ni mkusanya ushuru. Mhakiki ni mchuuzi. Msikilizaji ni yule mama. Hakuna anayedanganya, ila jibu la mmoja haliwezi kuwekwa mahali pa jibu la mwingine.

Kabla ya kuwachukua mmojammoja, tukubaliane kwanza trap ni nini, kwa sababu nusu ya ubishi inaanzia hapo.

Trap ni aina ya rap iliyokulia Atlanta, kusini mwa Marekani. Jina lilitokana na lugha ya mtaani ya huko: nyumba inayouziwa dawa za kulevya. Mwaka 2003 T.I. alitoa albamu yenye neno hilo kwenye jina lake, na mwaka 2005 Young Jeezy na Gucci Mane wakalipeleka mbali zaidi. Mwanzoni mada ndiyo iliyofanya wimbo uitwe trap. Baadaye mada ikabaki nyuma, ukaja kutambulishwa na mdundo. Leo mtu anaweza kuimba mapenzi, au hata injili, juu ya biti ya trap na kila mtu akajua ni trap.

Mdundo wenyewe una nguzo mbili. Ya kwanza ni besi nzito inayovutwa, ambayo watengenezaji huiita 808. Hiyo ni namba ya mashine ya ngoma, TR-808, iliyotengenezwa na kampuni ya Roland ya Japani kuanzia mwaka 1980 hadi 1983. Mashine zilizotengenezwa ni kama 12,000 tu. Haikupendwa sana ilipotoka, kwa sababu ngoma zake hazikufanana na ngoma halisi. Ila ngoma yake kubwa ilikuwa na sifa moja: unaweza kuiacha ivume kwa muda mrefu, ukaipandisha na kuishusha kama gitaa la besi. Ngoma na besi vikawa kitu kimoja. Nguzo ya pili ni haihati, yale matoazi madogo yanayolia kwa kasi, yanagawanyika, yanatetemeka, kisha yanarudi. Kasi ya biti huandikwa kama 140 kwa dakika, lakini kichwa kinatikisika kwa 70. Ndiyo maana trap inasikika ya haraka na ya uvivu kwa wakati mmoja.

Juu ya mdundo huo, marapa wengi huchana kwa silabi tatutatu katika kila pigo. Kundi la Migos ndilo lililoueneza mtindo huu kuanzia mwaka 2013, ingawa wapo waliouchana kabla yao. Mtu wa Kigoma hahitaji mwalimu wa kumfundisha. Taja wilaya za mkoa huu, kila silabi kwa urefu uleule, jina moja kwa kila pigo la mguu: Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza. Zote zina silabi tatu. Umeshachana trap, imebaki biti.

Sasa twende kwa msikilizaji, kwa sababu yeye ndiye anayedharauliwa zaidi katika mabishano haya.

Wanaosema "hii nyimbo haina kitu" mara nyingi wanasema kweli kuhusu kile walichokisikia. Besi ya 808 hukaa chini sana, kwenye mitetemo kama 40 hadi 60 kwa sekunde. Spika ya simu, ile ndogo ya kidole gumba, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti ya chini namna hiyo. Chini ya mitetemo 200 ni kama haipo. Kwa hiyo anayesikiliza trap kwa simu iliyolala juu ya meza anapata haihati na sauti ya mtu anayenung'unika, huku nguzo kubwa ya wimbo ikiwa haijafika kabisa. Dansi la zamani haliumii hivyo. Gitaa la solo na sauti ya mwimbaji vimekaa katikati, mahali ambapo hata redio ya betri mbili inavitoa vizuri.

Prodyuza wanalijua tatizo hili. Dawa yao ni kuichafua besi makusudi. Sauti ikipasuliwa kidogo huzaa sauti nyingine za juu yake, na hizo simu inaziweza. Sikio likizisikia, ubongo unaijaza besi ambayo haipo. Ni hila nzuri. Lakini ukizidisha, mwenye sabufa kubwa anasikia mpasuko mtupu na kudhani spika yake imeungua. Katika Whole Lotta Red waliipasua zaidi ya kawaida, na kwa makusudi, kwani Carti alikuwa anautafuta ukali wa muziki wa punk. Waliolalamika kwamba midundo imepasuka walikuwa sahihi. Waliosema hiyo ndiyo sifa yake nao walikuwa sahihi.

Halafu kuna suala la faili. Albamu nyingi hapa hazisikilizwi kutoka kwenye programu ya kulipia. Zinahamia kutoka simu hadi simu, kwenye memori kadi na flashi, zikiwa zimevutwa kutoka kwenye video na kubanwa ili zisile nafasi. Kinachoumia kwanza faili ikibanwa sana ni sauti za juu, yaani haihati: zinageuka kitu kama maji ya bomba. Mtu amekosa besi kwa sababu ya spika, amekosa haihati kwa sababu ya faili, kisha anaulizwa maoni yake kuhusu trap. Sijui kama kuna mhakiki angeipa hiyo zaidi ya alama tatu.

Kingine kinachomtawala msikilizaji ni kile alichokuwa akikisubiri. Kabla ya Whole Lotta Red, Carti alikuwa ametoa Die Lit, mwaka 2018, na baada yake akazidi kuchana kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Nyimbo nyingi za sauti hiyo zilivuja. Moja iliyovuja mwaka 2019 ilipandishwa Spotify na mtu mwingine kwa jina la bandia, ikapanda hadi kileleni mwa chati ya nyimbo zinazosambaa kwa kasi huko Marekani. Kwa hiyo mashabiki waliishi na albamu isiyo rasmi kwenye simu zao kwa muda mrefu. Krismasi ilipofika, nyimbo walizozizoea hazikuwemo, na sauti ya mtoto imepungua, nafasi yake imechukuliwa na makelele ya koo. Walichokipima siku ile kilikuwa pengo kati ya albamu iliyotoka na ile waliyoiota. Baada ya miezi mingi, pengo lilipofifia, wengi wao waligeuka. Wasanii wadogo wakaanza kuiga mtindo huo, ukapata hata jina lake, rage, na albamu iliyochekwa ikawa kioo cha kizazi.

Lipo na la lugha. Husemwa kwamba asiyejua Kiingereza cha Atlanta hana haki ya kuhukumu. Kigoma ni mji wa mwisho Tanzania kwa hoja hiyo kusimama. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na muziki wa Kilingala umechezwa huku kwa vizazi na watu wasiojua Kilingala zaidi ya maneno kumi. Wanajua wimbo upi ni mtamu na upi ni wa kawaida. Wakati sebene linapoanza, mwimbaji ananyamaza, gitaa linachukua usukani na atalaku anapiga makelele ya kuchochea watu, nani anauliza maana ya yale makelele? Hakuna. Yapo kwa ajili ya nguvu. Yale maneno mafupi ambayo marapa wa trap wanayatupa kila baada ya mstari yanafanya kazi ileile. Mzee anayependa atalaku na kuuliza Carti anasema nini anastahili kuulizwa swali lake kwa heshima: na huyu, mzee wangu, anasema nini?

Lakini namwelewa mzee. Sisi tumekulia kwenye vina na ujumbe. Rap ya Kiswahili ilikubalika majumbani kwa sababu ilikuwa na la kusema. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, watu wazima waliosema hip hop ni uhuni walijikuta wanacheka na kutikisa kichwa kwa sababu walisikia habari zao. Mwaka 2012 Kigoma All Stars walipoimba Leka Dutigite, mkoa mzima ulijisikia umetajwa. Anayepima muziki kwa ujumbe na kukuta albamu nzima imejengwa kwa hali ya moyo, mdundo na sauti, ataona imepungukiwa. Hiyo ni ladha, na ladha haina kosa. Kosa ni kuigeuza ladha iwe kipimo cha ufundi.

Mhakiki naye anafanya kazi gani? Ni mtu anayesikiliza albamu nyingi kila mwezi, anaandika tathmini yenye hoja, na mara nyingi anatakiwa na gazeti au jarida lake kuweka alama. Rolling Stone limezoeleka kwa nyota. Pitchfork, lililoanzishwa mwaka 1996, linatumia kumi yenye desimali. Anajiuliza mambo ambayo mimi na wewe hatujiulizi tukiwa kwenye bajaji: je, kuna kitu kipya hapa? Msanii amesogea kutoka alipokuwa? Albamu ina mpangilio au ni nyimbo zilizorundikwa?

Hapo ndipo upya unapopata bei kubwa kuliko utamu. Mtu aliyesikia albamu mia za trap kwa mwaka amechoka na haihati, amechoka na sauti zilezile. Akija msanii na kitu kinachokwaruza sikio, anaamka. Msikilizaji anayenunua bando la wiki na kuchagua albamu mbili tu hana uchovu huo, na hana sababu ya kulipia kitu kinachomkwaruza. Kwa hiyo kazi ya majaribio kupata alama nzuri kwa wahakiki na matusi kwa mashabiki si ajabu wala si njama. Na kinyume chake hutokea kila mwaka: albamu tamu, isiyo na jipya, inapigwa kila mahali huku wahakiki wakiipa nusu ya alama.

Wengine husema wahakiki wamelipwa. Wanalipwa, ndiyo, na jarida linalowaajiri. Kinachochanganya watu huku kwetu ni kwamba maneno mengi tunayoyaita uchambuzi ni promo. Mtangazaji aliyemkaribisha msanii studio na kuisifia albamu yake kwa dakika arobaini anafanya kazi halali, lakini si uhakiki. Ukurasa wa udaku unaoandika "albamu kali ya mwaka" saa moja baada ya albamu kutoka, nao si uhakiki, maana albamu yenyewe ina urefu wa saa moja na dakika kadhaa.

Zile alama zinazozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, kwa mfano 80 kwa 100, mara nyingi zinatoka Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Haihakiki chochote. Inakusanya tathmini za wengine, inazigeuza zote kuwa alama kwa mia, kisha inatafuta wastani ambao baadhi ya magazeti yana uzito zaidi kuliko mengine, na uzito huo haitangazi. Nyota tatu kwa tano inakuwa 60, hata kama mwandishi alimaanisha "nzuri, isikilize". Wastani pia unaficha ugomvi. Albamu ambayo nusu ya wahakiki wameipa 95 na nusu 45 inapata 70, sawa na albamu ambayo wote wameiona ya kawaida. Mbili hizi hazifanani hata kidogo. Pembeni yake kuna alama ya watumiaji wa kawaida, ambayo wengi huichukulia kama sauti ya wananchi. Ni sauti ya waliojisumbua kupiga kura, na wanaojisumbua ni wenye mapenzi makubwa au hasira kubwa. Aliyeiona albamu ni ya kawaida ameshaenda zake kulala.

Wala alama haijachongwa kwenye jiwe. Mwezi Oktoba 2021 Pitchfork wenyewe walirudi nyuma na kubadilisha alama za albamu 19 walizowahi kuzihakiki. Discovery ya Daft Punk, ambayo si trap, ilitoka 6.4 ikapewa 10.

Chati sasa. Hapa watu wa saluni wanakosea zaidi kuliko popote, na nitakaa kidogo.

Billboard 200 inahesabu matumizi ya albamu kwa wiki moja, ndani ya Marekani peke yake. Tangu Desemba 2014 inajumlisha na usikilizaji wa mtandaoni. Kwa kanuni iliyowekwa mwaka 2018, ndiyo iliyotumika kwa Whole Lotta Red, strimu 1,250 za wanaolipia zilihesabiwa kama albamu moja iliyouzwa; strimu moja ni wimbo mmoja kusikilizwa mara moja mtandaoni. Za wasiolipia zilihitajika 3,750. Sasa piga hesabu kwa kanuni hiyo. Albamu ya nyimbo 10, ikisikilizwa yote mwanzo hadi mwisho na wanaolipia, inahitaji kurudiwa mara 125 ili iwe mauzo ya albamu moja. Albamu ya nyimbo 24 inahitaji kurudiwa kama mara 52 tu. Ya nyimbo 30, kama ile Carti aliyoitoa Machi 2025 kwa jina la Music, ambayo nayo iliingia namba moja, inahitaji kama mara 42. Ndiyo maana albamu za trap zimekuwa ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Culture ya kwanza ya Migos, 2017, ilikuwa na nyimbo 13. Ya pili, mwaka mmoja baadaye, 24. Siamini kwamba katika mwaka ule walipata mawazo mara mbili.

Na hapo ndipo lawama ya msikilizaji kwamba albamu ni ndefu mno inakutana na mhakiki. Katika hili wanakubaliana kuliko wanavyojua. Mimi mwenyewe naona Whole Lotta Red ingepunguzwa nyimbo nane isingepoteza kitu, ila isingepata hesabu ileile.

Kwa kijana wa Mwanga anayesema "tumeipeleka namba moja": hapana. Alichosikiliza Kigoma hakiingii Billboard 200 hata akilipia, na cha kwenye flashi hakiingii chati yoyote duniani. Namba moja inasema kwamba watu wengi wa Marekani waliibonyeza ndani ya siku saba, wakiwemo waliobonyeza ili wapate cha kuponda. Carti alikuwa amewasubirisha mashabiki miaka miwili na nusu. Hata angetoa albamu ya kukohoa, wiki ya kwanza wangeibonyeza. Kipimo chenye maana zaidi ni wiki ya ishirini, lakini hiyo haina picha nzuri ya kuweka statasi.

Nalimaliza haraka lile la Auto-Tune, kwamba anayeitumia hajui kuimba. Programu hiyo ilitoka mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mtaalamu aliyewahi kuchambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya watafuta mafuta. Ukiiweka polepole inanyoosha noti bila mtu kujua, na wapo waimbaji hodari wanaoitumia hivyo. Ukiiweka kwa ukali inatoa ile sauti ya roboti, na trap inaitaka hiyo. Kuilaumu ni kama kulaumu gitaa la umeme kwa kuwa na waya.

Anayetaka kujaribu mwenyewe bila kupoteza bando, asianze na Whole Lotta Red. Aanze na Die Lit, ambayo ni laini zaidi, kwa hedifoni za kawaida au sabufa ya kinyozi, si kwa spika ya simu. Kisha aende kwenye ile ya 2020 na asikilize nyimbo tatu za mwanzo kwa sauti ya wastani, akifuatilia besi tu na kuyaacha maneno. Ikifika wa nne bado inamuudhi, basi ameshapata jibu lake, na ni jibu kamili kama la mhakiki yeyote, ilimradi kesho saluni asiseme kwamba haikufika namba moja.